Kuchechemea sugu kwa farasi

Kuchechemea sugu kwa farasi ni hali ya mnyama huyo kutembea au kukimbia bila usawa kwa muda mrefu, kwa kawaida kwa sababu ya maumivu katika mguu mmoja au zaidi. Huitwa sugu inapodumu kwa miezi, au inapopoa na kurudi tena kila farasi anaporudishwa kazini. Kuchechemea si ugonjwa mmoja bali ni dalili. Chanzo chake kinaweza kuwa katika kwato, mfupa, kiungo, kano au mishipa ya fahamu.

Hali hii ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya farasi waache kazi ya kupandwa, kukokota au kushindana. Mwenye farasi hulazimika kuchagua kati ya njia tatu: kuendelea na matibabu, kumstaafisha mnyama, au kumkatishia mateso kwa kifo cha huruma. Uamuzi huo ni mgumu kwa sababu farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, na mguu mbovu unaweza kuanza akiwa na miaka 8 tu.

Maumbile ya mguu

Farasi husimama juu ya kidole kimoja katika kila mguu, na kwato ni ukucha mkubwa unaokizunguka kidole hicho. Farasi mkubwa wa kupandwa huwa na uzito wa takriban kilogramu 400 hadi 600. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito huo hubebwa na miguu ya mbele, na ndiyo maana miguu hiyo huumia mara nyingi zaidi.

Chini ya goti la mbele hakuna misuli mikubwa. Kuna mifupa, kano, ligamenti, mishipa na ngozi tu. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo zikichanika hupona polepole, na kovu linalobaki halina unyumbufu wa kano ya awali. Kwato nayo hukua polepole, yapata milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo ukuta wa mbele wa kwato huhitaji karibu mwaka mzima ili uwe mpya wote.

Jambo lingine la kimaumbile ni kwamba farasi hawezi kulazwa kitandani kwa wiki nyingi kama binadamu. Akilala chini kwa muda mrefu, uzito wake mwenyewe hudhuru misuli na mapafu. Akisimama huku akiukwepa mguu mbovu, mguu wa pili hubeba mzigo uliozidi na unaweza kuharibika pia.

Sababu za kawaida

* Yabisi ya viungo. Gegedu linalofunika ncha za mifupa huliwa, na kiungo huvimba na kukakamaa. Hupatikana sana katika viungo vya chini ya mguu na katika kifundo cha mguu wa nyuma. Gegedu likishaharibika halirudi kuwa kama zamani.
* Ugonjwa wa navikula. Navikula ni mfupa mdogo ulio ndani ya kwato. Jina lake ni la Kilatini na lina maana ya mtumbwi mdogo, kutokana na umbo lake. Mfupa wenyewe, pamoja na kano inayopita nyuma yake, huharibika taratibu na kuleta maumivu ya kisigino, mara nyingi katika miguu yote miwili ya mbele.
* Laminitisi. Tishu zinazoshikiza mfupa wa kwato kwenye ukuta wa kwato huharibika. Ikizidi, mfupa huzunguka au kuzama ndani ya kwato. Huweza kuletwa na kula nafaka nyingi kwa mara moja, majani yenye sukari nyingi, matatizo ya homoni hasa kwa farasi wanene au wazee, au kubebesha mguu mmoja uzito wote kwa muda mrefu.
* Majeraha ya kano na ligamenti. Huwapata sana farasi wa mashindano ya mbio na wa kuruka viunzi.
* Mivunjiko ya zamani iliyopona vibaya au iliyoharibu kiungo.

Uchunguzi

Hakuna uamuzi wa maana unaoweza kufanywa kabla ya chanzo kujulikana. Daktari wa mifugo huanza kwa kumtazama farasi akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha akienda matiti, yaani ule mwendo wa kukimbia polepole ambao miguu miwili ya pembe zinazokabiliana hutua pamoja. Mwendo wa matiti hufichua kasoro kuliko kutembea. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, farasi huinua kichwa unapotua mguu mbovu na kukiinamisha unapotua mguu mzima.

Chama cha Marekani cha madaktari wa farasi kina kipimo kinachotumika katika nchi nyingi:

* 0: kuchechemea hakuonekani katika hali yoyote.
* 1: ni vigumu kuonekana, na hakutokei kila mara.
* 2: ni vigumu kuonekana farasi akienda kwa mstari ulionyooka, lakini huonekana kila mara katika hali fulani, kwa mfano akizungushwa duara au kwenye ardhi ngumu.
* 3: huonekana kila mara akienda matiti, katika hali zote.
* 4: huonekana wazi hata akitembea.
* 5: farasi hauwekei mguu uzito, au huweka kidogo sana, au hawezi kabisa kusogea.

Ili kupata mahali penye maumivu, daktari huchoma sindano ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu, akianzia chini kwenye kwato na kupanda juu hatua kwa hatua. Sehemu ambayo ikitiwa ganzi farasi anatembea sawa ndiyo yenye tatizo. Baada ya hapo hutumika picha za eksirei kwa mifupa, na altrasaundi kwa kano na ligamenti. Hospitali kubwa zina pia mashine za MRI, ambazo huonyesha tishu laini zilizofichwa ndani ya kwato.

Matibabu

Matibabu hutegemea chanzo. Mara nyingi njia kadhaa hutumika pamoja.

Utunzaji wa kwato ndio msingi. Kukata kwato vizuri kila baada ya wiki 4 hadi 8, na kufunga viatu vya chuma vyenye umbo maalumu panapohitajika, hupunguza mvuto kwenye kano na shinikizo kwenye kisigino. Kwa navikula na laminitisi, kazi ya fundi wa kwato ina uzito sawa na kazi ya daktari.

Mapumziko na mazoezi ya kupimwa hutumika hasa kwa kano. Jeraha kubwa la kano huhitaji kati ya miezi 9 na 12 ya kuongeza mwendo kidogo kidogo, na hata hivyo uwezekano wa kuumia tena ni mkubwa. Farasi mwenye yabisi, kinyume chake, huumia zaidi akifungiwa bandani. Mwendo mwepesi wa kila siku humfaa.

Dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, maarufu kati yake ikiwa fenilbutazoni, humsaidia farasi kuishi vizuri zaidi lakini haziponyi chanzo. Zikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu utumbo mpana na kudhuru figo. Mashindano ya kimataifa huzikataza siku za kushindana, kwa sababu farasi asiyesikia maumivu anaweza kuuvunja mguu uliokuwa umeumia kidogo tu.

Sindano za ndani ya kiungo, za steroidi au asidi ya hialuroni, huleta nafuu ya wiki au miezi. Dawa za kundi la bisfosfonati ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa wa navikula.

Upasuaji ni wa aina nyingi. Viungo vyenye mwendo mdogo, kama vile vya chini ya kifundo cha mguu wa nyuma, vinaweza kugandishwa ili mifupa iungane. Maumivu huisha, na farasi wengi hurudi kazini. Kiungo chenye mwendo mkubwa kikigandishwa, farasi anaweza kuishi malishoni lakini hapandwi tena. Njia nyingine ni kukata mishipa ya fahamu ya kisigino. Huondoa maumivu ya navikula kwa miezi au miaka, ila ugonjwa huendelea chini kwa chini, mishipa inaweza kuota tena, na farasi hatasikia msumari ukimchoma kisigino.

Namna ya kuamua

Swali la "atapona?" ni pana mno. Madaktari hupendelea kuligawa kwa kutazama viwango vitatu vya uzima:

1. Mzima wa kazi: anaweza kufanya kazi yake ya zamani, au kazi nyepesi zaidi, bila maumivu.
2. Mzima wa malishoni: hawezi kazi, lakini hutembea, hula, hulala chini na kuinuka, na huishi na wenzake bila taabu.
3. Asiye mzima hata malishoni: huumia hata anapotembea au kusimama bila mzigo.

Matibabu yenye lengo la kiwango cha kwanza yana maana pale ambapo chanzo kinajulikana, jeraha ni la aina inayopona, na farasi anaweza kuvumilia muda wa kupona. Kustaafu kunafaa kwa kiwango cha pili. Kwa kiwango cha tatu, kumwacha farasi malishoni si kumstaafisha. Ni kuahirisha uamuzi huku yeye akilipa gharama.

Mambo yanayopimwa ni haya:

* Hali ya mnyama wa leo. Farasi huficha maumivu, kwa kuwa porini mnyama dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kipimo cha sura ya farasi kinachotazama mambo sita: masikio yaliyokazwa nyuma, macho yaliyobana, mkazo juu ya jicho, misuli ya kutafunia iliyokaza, mdomo na kidevu vilivyokaza, na pua zilizotanuka kwa mkazo.
* Usingizi. Farasi husinzia akiwa wima, lakini usingizi mzito humpata akiwa amelala chini. Asiyelala chini kwa kuogopa maumivu ya kuinuka hudhoofika, na anaweza hata kuanguka kwa kusinzia.
* Tabia na umri. Kuna farasi anayetulia bandani kwa miezi, na kuna anayepiga mateke kuta na kujiumiza upya siku ya tatu. Mpango mzuri kwa wa kwanza ni hatari kwa wa pili.
* Miguu mingine. Mguu mmoja ukipona huku mingine ikiharibika, hakuna faida.
* Gharama. Fedha ni sehemu halali ya uamuzi. Upasuaji ni mwanzo tu. Hufuata miezi ya dawa, viatu maalumu na uangalizi. Mwenye farasi anayeanza tiba asiyoweza kuimaliza humwachia mnyama maumivu ya tiba bila faida yake.

Inashauriwa kuweka mpaka kabla ya kuanza. Mwenye farasi na daktari hukubaliana kitakachohesabiwa kuwa ni nafuu, na tarehe ya kupima. Kwa mfano, farasi aliye kwenye kipimo cha 4 awe amefika 2 baada ya miezi mitatu. Kila mwezi hupigwa picha za video akitembea mahali palepale, kwa sababu anayemwona farasi kila siku huzoea kilema chake na kudhani amepona. Bila mpaka huo, kila tiba iliyoshindwa huzaa nyingine, na bandu bandu huisha gogo.

Njia nyingine ya kupata jibu ni kumpa farasi dawa ya maumivu kwa wiki chache chini ya uangalizi. Akianza kuzungukazunguka, kujigaragaza na kucheza na wenzake, ni wazi kwamba kile kilichodhaniwa kuwa uzee au upole kilikuwa maumivu.

Daktari hutoa ushauri, lakini mwenye uamuzi ni mwenye farasi. Daktari ambaye hakumtibu farasi huyo tangu mwanzo anaweza kutoa maoni ya pili yasiyoegemea kazi iliyokwisha fanyika.

Kustaafu

Kustaafu si lazima kuwe kuacha kila kitu. Farasi wa kuruka viunzi anaweza kuwa wa kufundishia watoto kupanda kwa mwendo wa kutembea. Wengine hustaafu kabisa na kuwekwa malishoni.

Farasi mstaafu bado ana mahitaji: kukatwa kwato, kuangaliwa meno, dawa za minyoo, chanjo, maji, kivuli na lishe isiyomnenepesha, kwani kila kilo inayoongezeka hubebwa na mguu ulio mbovu. Farasi ni mnyama wa kundi, hivyo kumweka peke yake ni adhabu. Ardhi inapaswa kuwa tambarare na isiyo na matope mengi. Aliyestaafishwa akiwa na miaka 10 anaweza kuhitaji utunzaji huo kwa miaka 15 au zaidi.

Farasi jike anayechechemea mara nyingi hupelekwa kuzalishwa. Njia hiyo ina masharti mawili: kasoro isiwe ya kurithiwa, na mguu uweze kubeba uzito wa mimba ya takriban miezi 11.

Kumuuza farasi mgonjwa bila kueleza hali yake, au akiwa amepewa dawa za kuficha maumivu, ni udanganyifu. Pia humweka hatarini mpandaji mpya, kwa kuwa mguu usiotegemeka unaweza kumwangusha.

Kifo cha huruma

Pale ambapo maumivu hayadhibitiki, kifo cha huruma ni sehemu ya utunzaji. Hufanywa na daktari kwa sindano ya dozi kubwa ya dawa ya usingizi, au kwa risasi inayopigwa na mtu aliyefunzwa. Farasi hupoteza fahamu mara moja au ndani ya muda mfupi. Mzoga wa farasi aliyepigwa sindano ya pentobarbitali ni sumu kwa mbwa, tai na wanyama wengine wala mizoga, kwa hiyo lazima ufukiwe chini sana au uteketezwe.

Mifano ya kihistoria

Mwaka 1930 Mwingereza Dorothy Brooke alifika Cairo, Misri, na kuwakuta farasi waliotumika jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita walikuwa wameuzwa na kufanyishwa kazi za kukokota mizigo, wakiwa wazee, wamekonda na wanachechemea. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Uingereza, wasomaji wakachanga fedha, na katika miaka mitatu akanunua farasi 5,000. Wengi hawakuweza kurudishwa katika maisha ya malishoni. Walilishwa, wakapumzishwa kwa siku chache, kisha wakauawa bila maumivu. Mwaka 1934 alianzisha hospitali mjini humo iliyowatibu bure wanyama ambao bado wangeweza kufanya kazi, ili wasifikie hali ile. Kazi hiyo ndiyo chimbuko la shirika linaloitwa Brooke hadi leo.

Sefton alikuwa farasi wa kikosi cha askari wapanda farasi cha Uingereza. Tarehe 20 Julai 1982 alijeruhiwa na bomu katika Hyde Park, London, shambulio lililoua farasi saba pamoja na askari. Alikuwa na majeraha 34 na mshipa wa shingo uliokatika. Alitibiwa, akarudi kazini, akastaafu mwaka 1984 na kuishi katika makao ya farasi wastaafu. Mwaka 1993, akiwa na miaka 30, aliuawa kwa huruma kwa sababu ya kuchechemea kusikotibika kulikotokana na majeraha yale. Mnyama mmoja alipitia njia zote tatu, kila moja kwa wakati wake.

Barbaro, mshindi wa mbio za Kentucky Derby mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia tarehe 20 Mei mwaka huohuo katika mbio za Preakness, Baltimore. Madaktari waliuunga kwa bamba la chuma na skrubu 27. Mnamo Julai mguu wa nyuma wa kushoto, uliokuwa ukibeba uzito, ulipata laminitisi. Mwezi Januari 2007 miguu ya mbele nayo ikaugua, na tarehe 29 wenyewe pamoja na madaktari waliamua asiendelee kuteseka. Hawakukosa fedha wala ujuzi. Kilichokosekana ni mguu mzima wa kusimamia.

Afrika Mashariki

Farasi ni wachache Afrika Mashariki. Ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o, pamoja na tauni ya farasi ya Afrika, uliwazuia kuenea tangu zamani. Nchini Kenya wapo farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, na wa mchezo wa polo.

Mnyama wa jamii hiyo anayefahamika zaidi ni punda. Kuchechemea kwake hufuata kanuni zilezile: kwato ndefu zisizokatwa, mizigo mizito na vidonda visivyotibiwa. Katika kisiwa cha Lamu, ambako punda ndio usafiri wa mitaani, kuna kliniki ya punda tangu mwaka 1987. Shirika la Brooke nalo lina kazi zake nchini Kenya.

Methali ya Kiswahili husema "Punda afe, mzigo ufike". Methali hiyo huhimiza kutimiza jambo kwa gharama yoyote, lakini kama kanuni ya kufuga haimfaidii hata mwenye mzigo. Punda anayepumzishwa wiki mbili mguu unapoanza kuuma hubeba mizigo kwa miaka mingi zaidi kuliko anayeswagwa hadi aanguke. Kwa punda kama kwa farasi, matibabu ya mapema ndiyo yanayoacha nafasi ya kuchagua.